Kutoka Gwaride hadi Uelewa: Ulinganisho wa Kihistoria wa Mikabala ya Kufundisha Michezo Shuleni kwa Kurejelea Bagamoyo na Mwambao wa Kaskazini mwa Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha mikabala ya kufundisha michezo katika elimu ya viungo kwa kutumia kigezo kimoja: ni nani anayeamua uwanjani. Kwa kufuatilia historia ya Bagamoyo na mwambao wake tangu mwaka 1868, makala yanaonesha kwamba gwaride la kikoloni, mashindano ya shule na nadharia ya darasani, ingawa vilitofautiana kwa malengo, vyote vilimnyima mwanafunzi wa kawaida nafasi ya kuamua. Aidha, makala yanatetea hoja kwamba mkabala wa uelewa, ulioasisiwa Uingereza mwaka 1982, si mgeni kabisa katika mwambao huu. Sehemu kubwa ya muundo wake imo katika rede, chandimu, bao na ngoma. Kilichokosekana ni shule kuitambua michezo hiyo kuwa maarifa.

1.0 Utangulizi

Maji yanapokupwa jioni, ufuko wa Bagamoyo hupata uwanja usiopimwa na mtu. Vijana huchomeka vijiti au huweka ndala mbili kuwa goli, hugawana pande kwa idadi iliyopo, na mchezo huanza. Maji yakianza kujaa, uwanja hupungua upana. Wachezaji huacha pasi ndefu, hukaribiana na pengine huhamisha goli. Hakuna mtu mzima anayewaelekeza. Katika mchezo huo, unaojulikana kama chandimu, ustadi wa mguu na uamuzi wa akili havitenganishwi. Anayejua kupiga chenga lakini hajui ni wakati gani atoe pasi husahihishwa papo hapo na wenzake, kwa maneno ambayo si ya adabu kila mara.

Kipindi cha michezo shuleni kina sura nyingine. Kwa kawaida wanafunzi hupangwa katika mistari, huoneshwa kitendo kimoja, kwa mfano kupiga pasi kwa upande wa ndani wa mguu, kisha hukirudia mmoja baada ya mwingine. Mchezo wenyewe huja mwishoni, muda ukibaki. Swali linaloongoza makala haya linatokana na tofauti hiyo: imekuwaje mtoto yuleyule aamue mambo mengi ufukweni na asiamue lolote katika kipindi?

Swali hilo linaweza kujibiwa kwa kutaja uhaba wa mipira, wingi wa wanafunzi darasani na upungufu wa walimu wa somo. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazitoshi, kwa kuwa chandimu nayo huchezwa bila vifaa na bila mwalimu. Makala haya yanatafuta jibu katika historia. Yanaegemea maandishi ya wanahistoria wa utamaduni wa Afrika Mashariki, hususan Terence Ranger na Laura Fair, matamko ya sera ya elimu ya Tanzania, na maandishi ya waasisi wa mikabala inayolinganishwa. Michezo ya watoto inaelezwa kwa namna zake zinazojulikana na wengi, huku ikizingatiwa kwamba kanuni zake hutofautiana baina ya mtaa na mtaa.

2.0 Mikabala Inayolinganishwa

Mkabala mkongwe zaidi ni ule wa mbinu za mwili, unaouchambua mchezo katika vitendo vidogovidogo na kuvifundisha kimoja kimoja kabla ya mchezo wenyewe. Nguvu yake ni utaratibu: mwalimu mmoja anaweza kuwasimamia wanafunzi wengi, na kosa huonekana waziwazi. Udhaifu wake ulielezwa na David Bunker na Rod Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, katika makala yao ya mwaka 1982. Waliona kwamba wanafunzi wengi walimaliza shule wakiwa na mafanikio haba katika vitendo na bila kuuelewa mchezo wenyewe. Hata waliokuwa na ustadi walibaki wakimtegemea mwalimu awaamulie.

Bunker na Thorpe walipendekeza modeli ya hatua sita. Mwanafunzi huanza na mchezo uliorekebishwa kulingana na umri wake. Hufahamu kanuni na lengo la mchezo huo. Hutambua mbinu za ushindi. Huamua afanye nini na kwa namna gani. Ndipo hutekeleza kwa ustadi. Na mwishowe utendaji wake hupimwa. Ustadi wa mwili haukuondolewa, bali ulisogezwa mahali pake: hufundishwa pale mwanafunzi anapouona umuhimu wake. Mkabala huu, unaoitwa hapa ufundishaji wa michezo kwa uelewa, ulikwenda sambamba na uainishaji wa michezo katika makundi manne kwa kigezo cha mbinu: michezo ya kulenga shabaha, ya wavu au ukuta, ya kupiga na kudaka, na ya kuvamia eneo la mpinzani.

Mikabala mingine ilifuata. Nchini Australia, katika miaka ya 1990, Thorpe alishirikiana na wakufunzi wa huko kuunda mkabala unaosisitiza maswali ya mwalimu wakati mchezo ukiendelea. Nchini Marekani, Linda Griffin, Stephen Mitchell na Judith Oslin walitoa mwaka 1997 kitabu kilichopunguza hatua sita kuwa tatu: mchezo, zoezi, kisha mchezo tena. Mmarekani mwingine, Daryl Siedentop, alikwenda njia tofauti. Katika modeli yake ya elimu ya michezo, iliyochapishwa kitabu mwaka 1994, wanafunzi hugawanywa katika timu za kudumu kwa msimu mzima, hupeana majukumu ya nahodha, mwamuzi na mtunza kumbukumbu, hushindana kwa ratiba na kumaliza kwa sherehe. Mwaka 2002, David Kirk na Ann MacPhail waliihakiki modeli ya Loughborough kwa kutumia nadharia ya Jean Lave na Etienne Wenger, wakisisitiza kwamba mtu hujifunza akiwa ndani ya jamii ya watendaji na ndani ya mazingira yake halisi.

Hoja hii ya mwisho ndiyo inayotupeleka Bagamoyo. Ikiwa uelewa wa mchezo hujengwa na jamii, basi historia ya jamii hiyo ni sehemu ya somo.

3.0 Mwili Unaoamrishwa: 1868 hadi 1961

Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar na kuanzisha misheni Bagamoyo. Watoto waliokombolewa kutoka utumwani waliishi humo kwa ratiba ya sala, masomo, kilimo na kazi za karakana. Mwili wa mtoto ulikuwa mwili wa kazi na wa nidhamu. Miaka 20 baadaye mji uliingia katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, vilivyomalizika kwa Abushiri kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani hadi mwaka 1891, makao hayo yalipohamishiwa Dar es Salaam. Katika miaka hiyo ya 1890 tajiri Sewa Haji alitoa jengo la ghorofa Bagamoyo litumike kuwa shule ya watoto wa jamii zote. Hata hivyo, lengo kuu la shule za serikali ya Kijerumani lilikuwa kuandaa makarani, wakalimani na maakida. Kwa mtumishi wa ngazi hiyo, sifa kuu ilikuwa kupokea amri na kuitekeleza, na gwaride lilifundisha sifa hiyo kwa ufasaha kuliko somo jingine lolote.

Waingereza walibadili lugha ya amri kuliko walivyobadili amri yenyewe. Mwongozo wa mazoezi ya viungo uliotolewa Uingereza mwaka 1933, wenye mizizi katika mazoezi ya Kiswidi ya Per Henrik Ling, ulitumika pia katika makoloni. Mwalimu alisoma jedwali, akatoa amri, na darasa likajibu kwa viungo. Pamoja na mazoezi hayo ilikuja michezo ya timu, hasa kandanda. Fair anaonesha jinsi kandanda ilivyoanza Zanzibar katika mazingira ya shule ya misheni ya Kiungani, ikiwa chombo cha kufunza nidhamu na utii, na jinsi wakazi wa mitaa ya Ng'ambo walivyoigeuza ikawa yao, kwa vilabu vyao na fahari zao. Yaani mchezo ulipotoka mikononi mwa shule ndipo ulipopata maana mpya.

Jambo kama hilo lilitokea kwa gwaride lenyewe. Ranger ameeleza kwa kina ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Tanganyika, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilishindana. Wachezaji walichukua hatua za kijeshi, tarumbeta, sare na vyeo vya wakoloni, wakavitia katika ngoma. Kila chama kilikuwa na viongozi wenye vyeo, wanachama wa kudumu, wapinzani wanaojulikana, na kilele cha mashindano kilichoambatana na karamu. Msomaji anayeijua modeli ya Siedentop atatambua vipengele vyake karibu vyote: uanachama, majukumu, msimu, ushindani rasmi na sherehe. Tofauti ni kwamba beni haikubuniwa na mtaalamu wa ufundishaji. Ilibuniwa na watu walioamrishwa mchana, na jioni wakaamua wenyewe namna ya kuitumia miili yao.

4.0 Baada ya Uhuru: Ahadi na Mapungufu Yake

Tamko la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967 ndilo andiko la sera lililokaribia zaidi mkabala wa uelewa, ingawa halikuandikwa kwa ajili ya michezo. Mwalimu Julius Nyerere alitaka elimu ijenge kwa mwanafunzi akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na yafanywayo na wengine na kuyakataa au kuyarekebisha kulingana na mahitaji yake, pamoja na hali ya kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Sifa hizo tatu zikihamishiwa uwanjani, zinamweleza mchezaji anayeusoma mchezo, anayerekebisha mbinu na asiyemngoja kocha.

Mwaka huohuo wa 1967 Bunge lilitunga sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Taifa changa lilihitaji vijana wakakamavu na lilihitaji pia kuonekana duniani. Mahitaji hayo mawili yalizaa desturi mbili shuleni. Ya kwanza ni mchakamchaka wa alfajiri na halaiki za sikukuu za kitaifa, ambamo mamia ya watoto husogea kama mtu mmoja. Ya pili ni mashindano ya shule kuanzia ngazi ya kata hadi taifa, ambayo leo yanajulikana kama UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mchakamchaka ulijenga umoja na nyimbo zake zilifundisha siasa ya nchi. Mashindano yaliibua vipaji. Lakini katika desturi ya kwanza uamuzi ulibaki kwa kiongozi wa wimbo, na katika ya pili ulibaki kwa wachache waliochaguliwa. Wengine walishangilia.

Mfano wa Filbert Bayi unafaa kutafakariwa hapa. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Bayi alishinda mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Wakimbiaji wengi wa masafa hayo walizoea kungoja na kuchomoka mwishoni. Bayi aliongoza tangu mwanzo na kuwalazimisha wapinzani, akiwemo John Walker wa New Zealand, wakimbie mbio alizozipanga yeye. Ushindi ule ulikuwa wa mapafu na miguu, lakini ulikuwa pia wa uamuzi. Shule ziliposherehekea ushindi huo zilisisitiza kukimbia. Swali la kwa nini alikimbia vile halikuwa na nafasi katika kipindi.

Udhaifu wa kuyafanya mashindano kuwa ndiyo elimu ya michezo ulidhihirika mwanzoni mwa miaka ya 2000, Serikali iliposimamisha mashindano ya kitaifa ya shule kwa hoja ya kulinda muda wa masomo. Yalirejeshwa baadaye katika muongo huohuo. Somo la kihistoria la tukio hilo ni kwamba pale ambapo kipindi kilikuwa kimegeuka maandalizi ya mashindano, mashindano yalipoondoka kipindi nacho kilikosa sababu ya kuwepo. Mtaala wa elimu ya msingi wa mwaka 2005 ulikuwa na somo la Haiba na Michezo, lakini halikutahiniwa katika mtihani wa kumaliza darasa la saba. Somo lisilotahiniwa huwa rahisi kukopwa muda wake na hisabati, au kufundishwa kwa kunakili ubaoni vipimo vya uwanja ambao mwanafunzi hauoni. Hivyo, baada ya amri na baada ya ushangiliaji, ikaja nadharia. Nayo pia haikumwachia mwanafunzi la kuamua.

5.0 Maarifa Yaliyobaki Nje ya Lango la Shule

Wakati historia hiyo ikipita ndani ya shule, nje yake watoto waliendelea kucheza. Rede ni mfano bora. Katika namna yake iliyoenea, warushaji wawili husimama kila mmoja upande wake, na walio katikati huukwepa mpira wa matambara au soksi kuukuu. Mmoja wao hujaribu kujaza mchanga kwenye chupa huku akichunga mpira unatoka wapi. Anayeguswa hutoka, anayebaki hubeba matumaini ya wote. Kwa uainishaji wa makundi manne, rede huunganisha kulenga shabaha na kumlinda mwenzako katika eneo dogo. Mchezaji hulazimika kuamua kila sekunde: nijaze au nikwepe, nisogee karibu na mrushaji au mbali, nimvute anirushie mimi ili mwenzangu ajaze? Hayo ni maswali yaleyale ambayo mwalimu wa mkabala wa Australia huelekezwa ayaulize. Mtoto wa kike wa mwambao hujiuliza bila kuulizwa.

Chandimu nayo hurekebisha mchezo mkubwa kama Bunker na Thorpe walivyotaka urekebishwe: wachezaji wachache, uwanja mdogo, kanuni chache. Bao la kete linaonesha upande mwingine, yaani namna ya kuingia katika jamii ya watendaji. Mgeni wa bao hukaa pembeni ya barazani, hutazama kete zinavyotakata, husikia mabishano ya wakongwe, na baada ya muda mrefu hupewa nafasi dhidi ya mchezaji wa kadiri. Nadharia ya Lave na Wenger iliyochapishwa mwaka 1991 ingeweza kuandikwa kutoka barazani hapo.

Bagamoyo ina pia taasisi iliyowahi kuthubutu kuyaingiza maarifa ya aina hii katika elimu rasmi. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981 na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Humo ngoma za jamii mbalimbali, maigizo na sarakasi ni taaluma zenye walimu na vyeti. Ngoma haigawanyiki kirahisi katika vitendo visivyo na muktadha: hatua ya mguu hueleweka kwa mlio wa ngoma, na mlio hueleweka kwa tukio. Kwamba chuo hicho na shule za msingi jirani vinaweza kuwa katika mji mmoja, kimoja kikifundisha mwili unaoelewa na kingine mwili unaorudia, ni jambo linalostahili kuwashughulisha watafiti kuliko ilivyo sasa.

6.0 Ulinganisho na Tahadhari

Ulinganisho huu usije ukachukuliwa kuwa sifa tupu kwa michezo ya mtaani. Kwanza, chandimu haina huruma: asiyejua huwekwa golini au huambiwa angoje, na mara nyingi wasichana hawaitwi kabisa. Rede kwa upande wake huhesabiwa mchezo wa wasichana, hivyo mvulana anayeupenda hutaniwa. Modeli ya Siedentop ina faida hapa kwa kuwa humpa kila mwanafunzi jukumu linalotambuliwa. Pili, uelewa wa mtaani ni wa kimyakimya. Mtoto huamua vizuri lakini hawezi kila mara kueleza kwa nini, hivyo hawezi kuuhamishia katika mchezo mwingine. Kazi hiyo ya kuuliza na kutaja ni ya mwalimu, na ndipo modeli ya Loughborough inapoizidi mitaa. Tatu, mkabala wa mbinu za mwili haufai kutupwa. Mwanafunzi anayejua amtupie nani mpira lakini hawezi kuufikisha ana uelewa usio na mkono.

Kwa upande mwingine, mikabala ya kigeni nayo ina mipaka. Iliundwa katika shule zenye viwanja, mipira na madarasa madogo. Ikihamishwa kama ilivyo, mwalimu wa Bagamoyo mwenye mpira mmoja na wanafunzi wengi ataiona kuwa anasa. Akianzia kwenye rede, hata hivyo, mpira mmoja wa soksi hutosheleza kundi, na mipira mingine mitano hushonwa na wanafunzi wenyewe. Uhaba wa vifaa, ambao kwa mkabala wa mistari ni kikwazo kwa kuwa kila mmoja hungoja zamu, unapungua makali pale mchezo wenyewe unapokuwa ndio zoezi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mstari wa wanafunzi wanaongoja zamu ya kupiga pasi hautokani na uhaba pekee. Ni urithi wa gwaride, ulioimarishwa na ibada ya mashindano na kufunikwa na nadharia ya ubaoni. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta katika elimu ya msingi somo la Sanaa na Michezo, na kwa kuyaweka mambo hayo mawili chini ya jina moja umefungua tena mlango ambao Bagamoyo ingeweza kuuingia kabla ya wengine. Mlango huo unaweza kufungwa kwa njia ileile ya zamani, iwapo upimaji utabaki kuhesabu pasi zilizopigwa sawasawa au vipimo vilivyokaririwa.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba upimaji wa somo uhusishe maamuzi ya mwanafunzi ndani ya mchezo uliorekebishwa. Kwamba mafunzo ya walimu yaanze kwa kuchambua michezo ambayo walimu wenyewe waliicheza utotoni. Na kwamba utafiti wa uwandani ufanyike katika shule za mwambao ili kupima iwapo mwanafunzi aliyeanzia rede huelewa mpira wa mikono au wa pete upesi kuliko aliyeanzia mstari. Dai hilo la mwisho ni la nadharia hadi lithibitishwe. Lakini dai la kihistoria linasimama: shule haikuwakuta watoto wa mwambao wakiwa watupu. Iliwakuta wakiamua, ikawafundisha kungoja amri.